Kuzisoma karatasi za Sayyida Salme: mwongozo kwa mtafiti anayeanzia Unguja

Sayyida Salme binti Said alizaliwa Mtoni, Unguja, tarehe 30 Agosti 1844, akafariki Jena, Ujerumani, tarehe 29 Februari 1924 akijulikana kwa jina la Emily Ruete. Hakuna mwanamke mwingine wa Unguja wa zama zake anayejulikana kuwa ameacha maandishi mengi kama yake: kitabu cha kumbukumbu kilichotoka Berlin mwaka 1886, nyongeza ya kitabu hicho, barua ndefu alizozielekeza nyumbani, maelezo ya mila za Shamu, na barua za madai kwa ndugu zake na kwa wakubwa wa Ulaya. Karatasi zake mwenyewe zimehifadhiwa Leiden, Uholanzi. Zile ambazo wengine waliandika juu yake zipo Kilimani, nje kidogo ya Mji Mkongwe, katika Nyaraka za Taifa za Zanzibar. Mtafiti anayesoma za upande mmoja tu humpata Salme nusu: ama binti wa mfalme anayejieleza mwenyewe, ama jina linalopita katika barua za mabalozi kama jambo la kusumbua. Inafaa pande hizo mbili zisomwe pamoja, na mtu wa Unguja ana nafasi nzuri ya kufanya hivyo, kwani anaijua ardhi, majina na lugha ambazo msomaji wa Ulaya huzitafuta kwenye kamusi.

Maisha ya kushika kichwani kabla ya kufungua faili

Faili la karne ya 19 halimsubiri msomaji. Linaanza katikati ya ugomvi, linataja watu bila kuwaeleza, na linakatika kabla jambo halijaisha. Kwa hiyo mtafiti anahitaji kuyashika vizuri matukio makuu ya maisha ya Salme kabla hajaomba karatasi yoyote.

Baba yake alikuwa Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar. Mama yake, Jilfidan, alikuwa suria aliyetoka nchi ya Wacherkezi. Salme alianza maisha Mtoni, akahamia na mama yake Beit al-Watoro kwa kaka yake Majid, kisha wakaenda Beit al-Thani, jirani na Beit al-Sahel, alikokuwa dada yake Khole. Sayyid Said alifariki baharini tarehe 19 Oktoba 1856 akirudi kutoka Oman. Salme, mwenye miaka 12, akahesabiwa kuwa mtu mzima ili apewe fungu lake la mirathi. Mwaka 1859 Barghash alimwasi Majid, na Salme akawa upande wa Barghash. Uasi ulivunjwa, Barghash akapelekwa Bombay. Agosti 1866 Salme aliondoka Unguja kwa siri katika manowari ya Kiingereza, Highflyer, akiwa mjamzito wa mfanyabiashara wa Kijerumani, Rudolph Heinrich Ruete, aliyekuwa jirani yake mjini. Huko Aden alibatizwa akapewa jina la Emily, na tarehe 30 Mei 1867 wakaoana, wakaelekea Hamburg. Mwaka 1870 mume alikufa kwa ajali ya tramu, akamwachia watoto watatu wadogo katika nchi ambayo hakuwa na ndugu.

Mwaka huohuo Majid alifariki na Barghash akashika utawala hadi 1888. Ndugu ambaye Salme alimpigania mwaka 1859 sasa ndiye aliyemfungia mlango. Salme alirudi Unguja mara mbili, mwaka 1885 na 1888, kudai mafungu yake katika mirathi ya ndugu waliokufa, na mara zote mbili aliondoka mikono mitupu. Baada ya hapo aliishi miaka mingi Shamu, zaidi Beirut, kabla ya kurudi Ujerumani.

Katika maisha hayo yote lipo jambo moja linaloeleza kwa nini kuna karatasi za kusoma, na mtafiti anafaa kulitulia. Wasichana wa jumba la kifalme walifundishwa kusoma Kurani, lakini kuandika hakukuwa kwao. Salme alijifundisha kwa siri. Alichukua mfupa wa bega la ngamia, ambao ndio uliokuwa ubao wa kuandikia wa wanafunzi wa siku zile, akawa ananakili herufi za msahafu moja moja. Alipoona mwandiko wake haujanyooka, alimtafuta mtumwa mmoja aliyesoma awe mwalimu wake. Siri ilipofichuka watu walisema, lakini haukupita muda wakaanza kumjia wenyewe awaandikie barua. Ndivyo binti wa miaka 15 alivyokuwa karani wa uasi wa 1859: Barghash alihitaji barua za kwenda kwa masheikh na watu wa mashamba, na ndani ya kundi la kina mama waliomuunga mkono, wakiwemo Khole na wapwa zao Shembua na Farshu, Salme ndiye aliyejua kushika kalamu. Kalamu hiyohiyo ndiyo iliyomtia matatani na Majid, na ndiyo baadaye iliyoandika kumbukumbu. Mtafiti wa historia ya wanawake wa Zanzibar akitafuta mahali pa kuanzia, mfupa ule wa ngamia unatosha.

Kilichobaki na mahali kilipo

Sifa ya kuhifadhiwa kwa karatasi hizi inamwendea zaidi mwanawe, Rudolph Said-Ruete, aliyezaliwa 1869 na kufariki 1946. Alikusanya maandishi ya mama yake pamoja na vitabu, picha na barua zake mwenyewe kuhusu Oman na Zanzibar, akaandika kitabu juu ya babu yake kilichotoka London mwaka 1929, na mwaka 1937 akaikabidhi maktaba yake kwa Taasisi ya Mashariki ya Leiden. Leo hifadhi hiyo iko chini ya Maktaba ya Chuo Kikuu cha Leiden, kwa namba Or. 27.135. Namba hii mtafiti ainakili kama ilivyo, pamoja na vituo vyake, kwa kuwa mkutubi hutafuta kwa namba na si kwa sifa za mwandishi.

Ndani yake mna kazi ambazo Salme hakuzichapisha maishani mwake. Iliyo muhimu zaidi ni zile barua za nyumbani, zilizoandikwa kwa Kijerumani kwa mtu wa Unguja asiyetajwa jina, zikisimulia baridi, upweke, adabu za mezani, ujane na kulea watoto Ulaya. Zina umbo la barua, lakini si barua zilizotiwa posta. Mtafiti akizinukuu kama barua zilizofika kwa fulani atakuwa amekosea. Zipo pia nyongeza ya kumbukumbu na maandishi kuhusu Shamu. Baadhi zimebaki kama nakala zilizopigwa taipu, kwa hiyo msomaji daima ajiulize: huu ni mkono wa mama, au ni nakala iliyopita mikononi mwa mwana? Rudolph alimpenda mama yake na alitaka jina lake lisafike, na mwana wa namna hiyo hawi mhifadhi asiyekuwa na upande.

Asiyejua Kijerumani hajafungiwa. Mwaka 1993 mtaalamu wa Kiholanzi, E. van Donzel, alitoa kwa Kiingereza kitabu kimoja kikubwa chenye kumbukumbu, nyongeza, barua za nyumbani na yale ya Shamu, pamoja na maelezo ya maisha ya mama na mwana. Hicho ndicho cha kuanzia. Kumbukumbu pekee zilikuwa zimekwisha kutafsiriwa kwa Kiingereza mwaka 1888 na tena 1907, lakini tafsiri hizo mbili hazilingani, na vitabu vingi vinavyouzwa kwa watalii Mji Mkongwe vimechapwa kutokana nazo. Kabla ya kunukuu ukurasa wowote, mtafiti aangalie anachokishika ni tafsiri ya nani na ya mwaka gani. Anayekwenda mpaka kwenye karatasi zenyewe ajiandae pia kwa mwandiko wa kale wa Kijerumani, ambao hata Wajerumani wa leo wengi hawausomi mpaka wafundishwe.

Kilimani

Nyaraka za Taifa zipo Kilimani, mwendo mfupi kwa daladala kutoka Darajani. Anayekwenda mara ya kwanza achukue kitambulisho na barua ya utambulisho kutoka chuoni kwake au taasisi inayomtuma. Mgeni wa nje ya nchi huhitaji kwanza kibali cha utafiti cha Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, na jambo hilo lianzwe mapema kabla ya safari. Ada na saa za kufungua hubadilika, hivyo ni vyema kuuliza kabla. Katika mwezi wa Ramadhani ofisi hufunga mapema.

Chumba cha kusomea kina adabu zake. Begi linabaki nje, chakula na maji haviingii, na maandishi ni kwa penseli, kwani tone moja la wino kwenye waraka wa 1866 haliondoki. Faili huombwa kwa namba, huletwa kwa zamu, na hurudishwa likiwa na mpangilio uleule wa karatasi. Karatasi inayovunjika pembeni haikunjuliwi kwa nguvu: anaitwa mhudumu. Kupiga picha kuna ruhusa yake na malipo yake, na kila picha inafaa ianze na picha ya jalada lenye namba, la sivyo baada ya miezi miwili mtafiti anabaki na karatasi mia zisizojulikana zimetoka wapi. Waswahili wamesema mali bila daftari hupotea bila habari, na hakuna mahali ambapo neno hilo lina ukweli zaidi.

Wahudumu wa chumba hicho ndio katalogi iliyo hai. Wamewaona watafiti wengi wakija na kuondoka, wanajua faili lipi lina lebo inayopotosha na lipi limeliwa na wadudu. Kuwasalimu vizuri, kuwaeleza kinachotafutwa na kuwasikiliza kunaokoa siku nzima.

Faili zimepangwa kwa herufi. Kundi la AA ni barua za ubalozi wa Uingereza, uliofunguliwa 1841, na humo ndimo jina la Salme linamotafutwa kwanza. AB ni faili za Sekretarieti ya serikali ya ulinzi wa Kiingereza, za baadaye. BA ni machapisho ya serikali, ripoti za mwaka na mengineyo. Vilevile kuna hazina ya vitabu na hati za Kiarabu iliyoingizwa na UNESCO mwaka 2003 katika orodha ya Kumbukumbu ya Dunia, na anayesoma Kiarabu asiondoke bila kuipitia.

Kikwazo cha kwanza ni jina. Makarani wa Kiingereza waliandika walivyosikia: Salme, Salma, Salima, Salimah, Selma. Wengine walimwita dada wa Sultani tu bila jina, na baada ya 1867 anakuwa Bibi Ruete, Madame Ruete au Frau Ruete. Mtafiti atengeneze orodha ya majina haya yote kabla ya kupekua faharasa, na aongeze majina ya waliomzunguka: Ruete mwenyewe, kampuni ya Hansing aliyoifanyia kazi, meli ya Highflyer, Khole, Barghash. Mara nyingi mwanamke hapatikani kwa jina lake bali kwa jina la mwanamume aliyeandikiwa malalamiko juu yake.

Kikwazo cha pili ni tarehe. Barua za Kiarabu zina mwaka wa Hijria, za kibalozi zina mwaka wa Kizungu, na Unguja siku mpya huingia magharibi. Tukio la usiku wa Ijumaa kwa hesabu ya mji ni la Alhamisi usiku kwa hesabu ya balozi, kwa hiyo nyaraka mbili zinazoonekana kupishana siku moja huenda zinasema jambo moja. Sayyid Said alikufa mwaka 1273 Hijria, na mwaka huo mmoja unaangukia sehemu ya 1856 na sehemu ya 1857. Kikwazo cha tatu ni pesa: dola za Maria Theresa, rupia na pauni zimechanganywa katika hesabu za mirathi, na jumla yoyote isiyotaja ni sarafu gani isinukuliwe.

Kupambanisha masimulizi

Faida ya kuwa na pande mbili inaonekana mtafiti anapochagua tukio moja akalisoma kotekote. Yapo mawili yanayofaa kwa kuanzia.

La kwanza ni uasi wa 1859. Salme anausimulia kutoka ndani ya nyumba: barua zilizoandikwa usiku, Barghash akitolewa nje ya nyumba iliyozingirwa akiwa amefunikwa nguo za kike kati ya dada zake, kisha mapigano katika shamba la Marseilles, upande wa Machui. Balozi wa Kiingereza wakati huo alikuwa Christopher Rigby, na barua zake zinausimulia kutoka nje, kama suala la amani ya mji na la manowari za Kiingereza. Mtafiti aziweke karatasi mbili kando kando, aandike upande mmoja kila anachokisema Salme na upande wa pili kila anachokisema balozi, tarehe kwa tarehe. Palipo wazi upande wa balozi ndipo penye kazi. Ikiwa wanawake ndio waliobeba barua na kutoa fedha, na faili haliwataji, basi ukimya huo nao ni ushahidi wa namna ubalozi ulivyoutazama mji. Lakini uzito usiende upande mmoja: kitabu cha Salme kilitoka zaidi ya miaka 25 baadaye, naye akijua Barghash amekuwa nani, na akiwa na sababu ya kuonyesha jinsi alivyomtumikia.

La pili ni London, 1875. Barghash alialikwa Uingereza mwaka huo, na Salme akasafiri kwenda huko akitumaini kuonana naye uso kwa uso. Kwa maelezo yake, Sir Bartle Frere alimshawishi aache, kwa ahadi kwamba serikali ya Kiingereza ingesaidia elimu ya watoto wake, na ahadi hiyo haikutimizwa. Hapa kuna nyaraka za pande tatu: kitabu chake, karatasi za Leiden, na barua za Wizara ya Mambo ya Nje ya Uingereza zilizohifadhiwa Kew, London, ambapo mambo ya Zanzibar ya miaka hiyo yamo katika mfululizo wa FO 84. Anayeweza kupata nakala za Kew apime maneno ya ahadi yenyewe: nani aliahidi, kwa sharti gani, na kama iliandikwa. Ugomvi wa mirathi una undani pia wa kisheria ambao mtafiti wa Unguja anaujua kuliko wa Hamburg. Kwa sheria ya mirathi ya Kiislamu aliyetoka katika dini harithi, na Barghash alisimama hapo. Salme alisimama penye damu na udugu. Serikali ya Bismarck, iliyomleta bandarini mwaka 1885 pamoja na manowari zake, ilikuwa na haja zake nyingine kabisa, na ilipozipata dai la Salme likaachwa. Mwongozo huu unashikilia kwamba sura hiyo ya 1885 isisomwe kamwe bila kujua kwamba ni mwaka uleule Ujerumani ilipokuwa ikijitwalia bara.

Jambo moja zito lazima lisemwe wazi. Kitabu cha Salme kina sura inayoutetea utumwa wa nchi za Mashariki, na kina maneno ya dharau juu ya Waafrika. Mwaka 2019 mji wa Hamburg uliupa uwanja mmoja jina la Emily Ruete, na mwaka uliofuata jina likaamuliwa kuondolewa kwa sababu ya maneno hayohayo. Mtafiti hana haja ya kumtetea wala kumfukuza. Anachotakiwa ni kuisoma sura hiyo yote, kutoiruka kwa heshima, na kuuliza kila mahali: waliopika, waliobeba maji, waliochuma karafuu za Kisimbani na Bububu wako wapi katika ukurasa huu? Mwalimu wake wa mwandiko alikuwa mtumwa. Elimu iliyomfanya Salme kuwa Salme ilitoka mkononi mwa mtu ambaye historia haikumuwekea sanduku la karatasi popote.

Kuhusu picha, tahadhari ni fupi. Ile inayojulikana zaidi, Salme akiwa amevaa mavazi na vito vya Kiarabu, imepigwa studio Hamburg, baada ya kuondoka kwake. Ni ushahidi wa jinsi alivyotaka, au alivyotakiwa, kuonekana Ulaya. Haifai kuchapishwa kama picha ya maisha ya jumba la Unguja.

Kitabu mkononi, miguu njiani

Maelezo mengi ya Salme yanaeleweka vizuri mtu akisimama pale palipoelezwa. Mtoni pako ufukweni kaskazini ya mji, kwenye barabara ya Bububu. Jumba lilijengwa na Sayyid Said, na sasa ni magofu, kwani liliungua mwaka 1914. Kinachobaki kinatosha: kuta za mabafu, ua, na bahari mbele. Salme anaeleza nyumba ya mbao ya duara iliyoelekea baharini, ambamo baba yake alikuwa akitembea huku na huko akichechemea kwa jeraha la zamani. Nyumba hiyo haipo, lakini msomaji akisimama uani ataona kwa nini mtawala aliyekuwa na merikebu angetaka kusimama hapo.

Mji Mkongwe unahitaji uangalifu zaidi, maana mengi yanayoonyeshwa kwa wageni si yale aliyoyakalia. Mizinga ya Kiingereza ya tarehe 27 Agosti 1896 ilibomoa Beit al-Hukm na kuharibu Beit al-Sahel. Jengo linaloonekana leo Forodhani kwa jina la Kasri limejengwa upya. Beit al-Ajaib ilijengwa 1883 na Barghash, wakati Salme yupo Ujerumani, na sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020. Kasri lilifunguliwa kama makumbusho mwaka 1994, na ndani yake kiliwekwa chumba cha kumkumbuka Salme. Ipo pia makumbusho ndogo ya Sayyida Salme ndani ya Mji Mkongwe, iliyoanzishwa na Said el-Gheithy. Kutokana na matengenezo, mtafiti aulize kwanza kama makumbusho hizi ziko wazi. Anayetaka kuona bafu la zama zake likiwa bado limesimama aende Kidichi, kwenye bafu la Kiajemi la mwaka 1850, kisha apite Kisimbani penye mashamba ya karafuu.

Wanawake wasiokuwa na hifadhi yao

Salme ni wa pekee kwa sababu aliandika na mwanawe akahifadhi. Wanawake wengine wa Unguja hutafutwa kwa njia nyingine, na Kilimani ndipo mahali pake. Faili za wakfu na mirathi zina majina mengi ya wanawake: aliyeweka nyumba yake wakfu kwa watoto wa mjakazi aliyemwacha huru, mjane aliyeshitakia shamba la minazi, wasia wa mwanamke asiyejua kuandika lakini aliyejua kila mti wake. Wengi wa hawa walikuwa na asili ya utumwa, na katika hati hizo, tofauti na katika kitabu cha Salme, wametajwa kwa majina yao. Nyaraka hizi zisomwe sambamba na kumbukumbu zake, si baada yake.

Kwa karne ya 20 njia inapitia elimu. Skuli ya kwanza ya wasichana ya serikali ilifunguliwa Unguja mwaka 1927, na ripoti za mwaka za Idara ya Elimu, zilizomo katika machapisho ya serikali, zinaonyesha idadi ya wanafunzi, masomo na hofu za wazazi juu ya binti kujua kuandika, hofu ileile aliyoikuta Salme. Kutoka skuli hiyo njia inafika kwenye kura. Uchaguzi wa Julai 1957 ulikuwa wa wanaume tu. Suala la kuwapa wanawake kura likafikishwa kwenye kamati ya serikali mwaka 1959, na Januari 1961 wanawake wa Unguja na Pemba wakapiga kura kwa mara ya kwanza. Anayefuatilia jambo hili aanze na ripoti ya kamati hiyo na mijadala ya Baraza la Kutunga Sheria, kisha ateremke kwenye magazeti ya wakati huo, kama Mwongozi na Afrika Kwetu, akisoma barua za wasomaji kabla ya makala za wakubwa, kwa kuwa humo ndimo sauti za mitaani zinamopatikana. Ayasome ya pande zote za siasa za miaka hiyo. Gazeti la chama kimoja haliwezi kumwambia wanawake wa chama kingine walisema nini.

Sehemu ya mwisho ya kazi hii haimo katika faili lolote. Waliopiga kura Januari 1961 na bado wako hai wamepita miaka 80. Mtafiti aende kwao akiwa na mwenyeji anayejulikana, aombe ruhusa ya mwenyewe na ya wanawe, asianze na siasa bali na skuli, ndoa na mtaa, na arekodi kwa idhini. Kama kuna karatasi nyumbani, cheti cha skuli, barua, picha, kadi ya chama, azipige picha hapohapo na kuziacha zilipo, zikiwa zimetolewa kwenye mfuko wa plastiki unaozifungia unyevu na kuwekwa katika bahasha ndani ya sanduku lililoinuliwa kutoka sakafuni, mbali na mchwa. Nakala moja ya rekodi na ya picha ibaki kwa familia, nyingine ipelekwe Kilimani ikiwa na jina la mwenyewe, mtaa wake na tarehe ya mazungumzo.